Muuza Makoti Asiyeweza Kunyamaza

Juzi nilikwenda Makambako kumtafutia mwanangu sweta la mtumba. Kwenye banda moja, mama mmoja kutoka kijiji cha Kichiwa alikuwa amevaa koti la kijani, anajigeuza mbele ya kioo.

"Limekukaa sawasawa," akasema tajiri mwenye banda, mzee mwenye baraghashia.

Binti aliyekuwa kwenye majaribio ya kazi alijiziba mdomo kwa kiganja, lakini maneno yakapita katikati ya vidole. "Mama, livue. Umefura kama gunia la lumbesa la viazi."

Tajiri akafumba macho. "Si nilikwambia ujizuie? Basi, chukua mkoba wako uende nyumbani."

"Nimejaribu, baba. Yametoka yenyewe."

Mama yule alicheka mpaka akashika nguzo. "Aende wapi? Wewe kila koti unasema limenikaa! Mwanangu, hili jekundu je?"

"Hilo usilivue kabisa."

Akalinunua. Wanawake waliokuwa wakipita wakaingia, wote wakamwuliza binti, si tajiri. Mzee akavuta kiti. "Haya, wewe sema. Mimi nitapatana bei." Akapatana, uso umetulia kama ukuta.

Tunawafundisha watoto kuzuia ulimi, na nesi anayetuchoma sindano namwombea auzuie sana, asituambie itakavyouma. Ila koti niuziwe na huyu binti.

Mimi ninayeona haya hata kuuliza bei, nilijitupia shali ya njano nikamtazama binti.

"Rudisha, dada."

Nikarudisha. Ndani ya basi nilicheka hadi kituo changu cha Mjimwema.