Yadi Thelathini za Nola Cutlip

Katika jiko la shule ya Hensley Fork, kwenye vilima vya kusini-mashariki mwa Ohio, watoto walimjua mpishi wao, Nola Cutlip, kwa jambo moja: hakuna aliyemwaga maziwa akaondoka bila kuyafuta. Awe mtoto wa mchungaji wa kanisa, awe mtoto wa mlevi, ilikuwa mamoja. "Umemwaga, futa," alisema, akanyoosha kitambaa. Hakukunja uso wala hakucheka. Mtoto akishamaliza kufuta, alipewa biskuti mbili.

Porini alikuwa vivyo hivyo. Aliwinda kulungu kwa upinde wa kifyatulio, ule uliolazwa juu ya kitako kama cha bunduki. Unaivuta kamba kwa nguvu zako zote mpaka inase, kisha mshale unangoja kidole tu. Aliyemfundisha ni marehemu baba yake, mzee Ansel, mtu wa maneno machache na koti moja. Ansel hakuanza na upinde. Alianza na sahani ya karatasi, zile nyeupe za kulia chakula cha sherehe, akaibandika kwenye robota la majani makavu nyuma ya ghala.

"Moyo na mapafu ya kulungu vinaenea hapa," alimwambia bintiye. "Nje ya hapa ni mateso."

Sheria yake ilikuwa ngumu kidogo. Mshale uliohesabiwa ni ule wa kwanza wa siku, basi. Uwe umevaa koti zito, vidole vimekufa ganzi, pumzi inakupanda kwa kukikwea kilima. Umbali ambao mshale huo wa kwanza haujawahi kuikosa sahani, huo ndio umbali wako. Mshale wa pili na wa tatu ulikuwa wa kujifurahisha, kwa sababu kulungu hamngoji mtu apashe mwili moto. Nola alipimwa hivyo akiwa msichana, na akaendelea kujipima kila mwaka baada ya baba yake kuzikwa. Umbali wake ulikuwa yadi thelathini. Wakati wa kiangazi, akiwa ameegemeza upinde mezani, aliipiga sahani kwa yadi hamsini na akaweza kunywa chai kati ya mshale na mshale. Hakuzihesabu hizo. Alijua kwamba meza haipandi mtini.

Mumewe, Lyle, alikuwa fundi wa matrekta na hakuwa na ugomvi na yadi zozote. Mgomvi alikuwa mdogo wake Lyle, Delmer, aliyeishi Cincinnati tangu ujana, akastaafu, akarudi nyumbani na vitu viwili. Cha kwanza kilikuwa upinde mpya wenye darubini iliyochorwa mistari mpaka yadi mia moja. Cha pili kilikuwa tabia ya watu wa Cincinnati ya kutia mdalasini katika mchuzi wa nyama na maharage, kisha kuumwaga mchuzi huo juu ya tambi.

"Mdalasini, shemeji, ndiyo siri yenyewe," Delmer alimwambia.

"Siri ifiche basi," Nola alijibu.

Lilikuwa jambo zito kuliko linavyosikika. Kila Novemba, kikosi cha zimamoto cha kujitolea cha Hensley Fork hufanya karamu kwenye kituo chao, na sufuria kubwa ya mchuzi wa kulungu ndiyo inayowaleta watu kutoka mabonde yote. Desturi ni kwamba anayeleta kulungu ndiye anayeshika mwiko. Nola alikuwa ameushika mwiko huo miaka mingi, na kabla yake aliushika Ansel. Lakini mwaka huo kokwa za mwaloni zilikuwa zimeanguka kwa wingi, kulungu wakajificha ndani kabisa ya msitu wakila na kunenepa, na jioni ya kuamkia Jumamosi ya karamu ikafika Nola hana kitu. Delmer naye hakuwa na kitu, isipokuwa chupa kubwa ya mdalasini aliyokwisha kuiweka kwenye rafu ya kituo, mbele kabisa, ili kila mtu aione.

Kapteni wa zimamoto, Tressa Mayle, alitoa uamuzi. "Sufuria inapanda motoni kesho saa sita mchana. Atakayeleta kulungu kabla ya hapo, mwiko wake. Dada Nola, nakuomba, kwa ajili ya matumbo yetu."

"Wewe ni mwamuzi, Tressa, huruhusiwi kuomba," Delmer alisema.

"Mimi pia nina tumbo."

Kwa hiyo alfajiri ya Jumamosi Nola alikuwa juu ya ulingo wake kwenye mti wa mwaloni, pembeni ya malisho ya zamani. Delmer alikuwa juu ya ulingo mwingine, upande wa pili wa malisho hayo hayo. Umande ulikuwa umeganda kwenye majani, na pumzi ya Nola ilitoka kama moshi wa birika. Mbele yake kulikuwa na nguzo ya ua wa zamani aliyoifunga kitambaa cheupe. Nguzo hiyo ilikuwa yadi thelathini kamili. Ng'ambo ya nguzo ulilala mti wa jozi ulioanguka, na huo ulikuwa yadi arobaini na tano.

Jua lilipogusa vilele, dume likatokea. Lilikuwa na pembe pana kama kiti cha kubembea na shingo nene ya dume lililosahau kula kwa ajili ya majike. Likatembea taratibu mpaka kwenye mti wa jozi ulioanguka, likasimama ubavu wazi, likatazama mbali.

Nola aliinua upinde. Ubavu ule ulijaa ndani ya darubini yake. Aliiona sufuria. Aliiona chupa ya mdalasini. Akajisemea moyoni kwamba yadi arobaini na tano si mbali, kwamba amezipiga mara nyingi mezani, kwamba hakuna anayemwona. Ni hapo kwenye kutoonekana na mtu ndipo alipojishtukia. Mwanamke aliyewafutisha watoto maziwa miaka yote hiyo alijua vizuri sana mtu husema nini kabla ya kumwaga.

Akaushusha upinde. "Sogea basi, bwana mkubwa," alinong'ona. "Hatua chache tu. Nitakupikia vizuri."

Dume halikusogea upande wake. Liligeuka, likavuka malisho kwa mwendo wa mtu anayekwenda kulipwa mshahara, likasimama tena mbali na ulingo wa Delmer. Nola alikadiria yadi sabini. Akajua kitakachofuata, na hakuweza kupiga kelele.

Kamba ilialika kama ubao uliovunjwa. Mshale wa upinde wa namna hii una kasi kubwa, lakini sauti ya kamba ina kasi zaidi, na kulungu ana masikio. Kwa yadi ishirini sauti na mshale hufika karibu pamoja. Kwa yadi sabini mnyama anapata nafasi ya kusikia, kukunja miguu na kuchuchumaa ili aruke. Dume lilichuchumaa. Nola hakuuona mshale. Aliliona dume likijirusha, likapotea kwenye miti na mkia wake mweupe juu.

"Nimempata!" Delmer alipaza sauti kutoka juu ya mti. "Shemeji! Umeona? Nimempata!"

Wakati huohuo, kutoka kwenye miti ya tufaha upande wa Nola, jike nono lilikuwa linakuja. Halikuwa limejali kelele za Delmer. Labda lilikuwa limewazoea binadamu wa namna hiyo. Lilikuwa karibu na nguzo yenye kitambaa, na saa ilikuwa bado mapema. Lakini Delmer alikwisha anza kushuka ngazi, na Nola alijua angekwenda moja kwa moja kuikanyaga damu, kama ipo, na kumfukuza mnyama, kama amejeruhiwa, mpaka akafie kwenye korongo ambako hataonekana na mtu.

Alilitazama lile jike mara moja tu.

"Delmer!" akaita kwa sauti ya jikoni. "Simama hapo hapo ulipo! Usikanyage kitu!"

Jike likatoweka. Na sufuria ikaenda nalo.

Nola alimfikia shemeji yake katikati ya malisho, ameganda mguu mmoja mbele kama mtoto aliyekamatwa na keki.

"Amekufa huyo," Delmer alisema. "Nilimlenga katikati kabisa."

"Katikati ya kulungu aliyekuwepo ulipofyatua. Mshale ulipofika, alikuwa wapi?"

Delmer akaurudisha mguu wake nyuma.

Wakangoja kwanza kwa muda mrefu bila kusogea, maana mnyama aliyejeruhiwa akiachwa hulala, na akifukuzwa hukimbia. Kisha wakaanza. Walikagua nyasi pale dume liliposimama, jani kwa jani. Hapakuwa na damu. Lyle alikuja na chupa ya kahawa, akapewa ukingo wa msitu autembee. Mwishowe Delmer mwenyewe aliupata mshale, umezama kwenye udongo mbali nyuma, msafi kama ulivyotoka dukani.

Akavuta pumzi. "Haya. Nimemkosa. Tumalize. Nola, saa bado ipo, rudi kwenye ulingo wako."

"Inawezekana ulimkwaruza mgongo."

"Mshale hauna hata unywele!"

"Nina macho, nimeona. Nataka kuliona dume."

"Shemeji, mdalasini wangu hauna kosa lolote kubwa hivyo mpaka unipe adhabu hii."

"Si adhabu. Umepiga, fuata."

Lyle alikunywa kahawa yake akatazama pembeni. "Mdogo wangu, mimi nimeoa hapo miaka thelathini na nne," alisema. "Tembea tu."

Wakatembea. Walifuata nyayo chini ya miti, wakazipoteza, wakazipata kwenye tope, wakapanda kilima ambacho Delmer alikilaani kwa lugha isiyofaa kuandikwa. Hapana jambo lisilopendeza kama kutafuta kosa lako mwenyewe, na wengi wetu hupendelea kudhani limejifia mahali kwa amani. Nola hakumpa nafasi ya kudhani. Jua lilipokuwa juu kabisa wakafika kwenye kijito, na ng'ambo yake, chini ya mwaloni, dume lilikuwa limesimama likitafuna kokwa. Liligeuka upande huu, likageuka upande ule, kama linajionyesha kwa fundi cherehani. Mbavu zote mbili zilikuwa nzima na mgongo haukuwa na alama. Likawatazama watu hao watatu wenye jasho kwa dharau kubwa, likaendelea kula.

Delmer alikaa kwenye gogo, akaanza kucheka mpaka machozi yakamtoka. Nola pia akacheka, kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Saa ngapi?" Delmer aliuliza.

"Sita imepita," Lyle akajibu.

Kicheko kikapungua. Delmer alimtazama shemeji yake. "Lile jike," alisema polepole. "Nililiona nikishuka. Lilikuwa linakuja kwako."

"Lilikuwa linakuja."

"Na ukapiga kelele."

"Kulikuwa na maziwa sakafuni," Nola alisema, akainuka akajipangusa magoti.

Jioni hiyo kituo cha zimamoto kilijaa. Tressa alisimama juu ya benchi akatangaza kwamba hakuna kulungu, na mnung'uniko ukapita ukumbini kama upepo kwenye mahindi. Delmer akaomba kusema. Hakujificha, kwa hilo lazima asifiwe. Alieleza kwamba alipiga kwa yadi sabini kwa sababu mistari ya darubini ilimwambia anaweza, na kwamba Nola Cutlip alipoteza asubuhi yake yote na mwiko wake ili kujua kama kiumbe wa Mungu anateseka kwa ujinga wake yeye.

"Na sasa najua mnachotaka," alimaliza, akageuka kuwapa mgongo.

Ukumbi ukalipuka. Huko anayemkosa kulungu hukatwa upande wa nyuma wa shati lake, na kipande hupigiliwa ukutani. Tressa alichukua mkasi wa huduma ya kwanza, akakata kitambaa cha shati la Delmer kwa heshima zote, likabaki fupi mpaka mkanda ukaonekana. Watu wakapiga miguu sakafuni.

"Mwiko je?" mtu akauliza.

"Desturi inasema ni wa mwenye kulungu," Tressa akajibu. "Hakuna mwenye kulungu. Kwa hiyo nachagua mimi. Dada Nola alikwisha pika maharage. Shika mwiko, dada."

Yalikuwa maharage matupu, kitunguu, nyanya na pilipili. Walilalamika kwa furaha, wakarudi kuongeza. Delmer alikula kwenye kona, ubaridi ukimpiga mgongoni. Halafu akamfuata Nola sufuriani akiwa na sahani yake ya karatasi.

"Shemeji, umbali wangu mimi ni upi?"

"Sijui. Wewe pia hujui."

"Nitaujuaje?"

Nola akamtilia upawa mwingine wa maharage. Baada ya kufikiri kidogo, akaifungua chupa ya mdalasini na kumnyunyizia kidogo juu ya maharage, kwenye sahani yake peke yake.

"Kwanza maliza kula," alisema. "Halafu hiyo sahani usiitupe."

Kesho yake, walipotoka kanisani, sahani hiyo ilikuwa imebandikwa kwenye robota la majani nyuma ya ghala, na doa la maharage katikati yake. Delmer, amevaa koti zito, alikuwa akikwea kilima mbio huku akihema na kulalamika. Nola alimngoja juu, amesimama yadi kumi na tano kutoka kwenye sahani.

"Umbali wote ni huu?" Delmer aliuliza. "Hata mtoto anapiga hapa."

"Vizuri," Nola alisema, akampa mshale mmoja.

Mshale ule ulipita juu ya robota, ukachoma ukuta wa ghala. Lyle, aliyekuwa akitazama kutoka dirishani, alikwenda kutafuta mkasi.