Kucha za Koko na Meli ya Waviking

Nilipokuwa mtoto wa miaka kumi na mmoja, tukiishi Riverside, Buffalo, kazi yangu ya kila Jumamosi ilikuwa kumkata Koko kucha. Koko ndivyo tulivyomwita mama yake baba. Mikono yake ilitetemeka, na hakutaka mtu mwingine aishike. Nikimaliza nilivifunga vipande vyote kwenye karatasi, nikaenda kuvifukia nyuma ya nyumba, karibu na uzio.

“Kucha ya mutu iko yeye mwenyewe,” aliniambia. “Mubaya akiyiokota, amekuokota.”

Baba hakupenda. Aliona mambo hayo tuliyaacha Kongo, tena sisi ni watu tuliookoka. Lakini kumkataza mama yake hakuthubutu, basi alijifanya haoni.

Baridi ilipoingia, ardhi ikawa ngumu kama sakafu. Nilichimba kwa kijiko, kikapinda. Siku hiyo niliitupa karatasi kwenye pipa la taka la barabarani, nikarudi ndani nikipangusa mikono.

“Umefukia?”

“Ndiyo, Koko.”

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilinifikisha karibu na Pasaka, kila Jumamosi nikitupa na kusema nimefukia.

Wakati huohuo mwalimu wetu alitugawia kazi ya darasani, mimi nikapewa Waviking. Nilikuwa nikidhani ni majambazi wenye pembe kichwani. Kitabu kikaniambia kofia za pembe ni uzushi, na kwamba wengi wao walikuwa wakulima, wavuvi na wahunzi wa Denmaki, Norwei na Swideni. Kisha wakapanda meli zao nyembamba wakaenda Uingereza, Aislandi, Grinlandi, mpaka Kanada, ile Kanada ambayo sisi tuliiona kila siku ng'ambo ya mto. Hapo niliwapenda. Ni watu waliohama mbali kama sisi.

Nikafika kwenye ukurasa wa imani zao. Waliamini kwamba iko meli inayojengwa kwa kucha za wafu. Siku itakapokamilika, maadui wa miungu wataipanda na dunia itakwisha. Kwa hiyo maiti hakuzikwa kabla ya kukatwa kucha, ili adui asipate cha kujengea. Nilikifunga kitabu. Nilikuwa nimejiambia kwamba kucha ni ushamba wa bibi yangu peke yake, na sasa watu wa mwisho mwingine wa dunia walikuwa wakiziogopa vilevile.

Juma hilohilo Koko akaanguka jikoni, akalazwa hospitali. Moyo, daktari alisema. Mimi nilijua ni pipa la taka. Nilikuwa na hakika kabisa kwamba nimemuua bibi yangu, na sikuweza kula.

Alasiri moja baba alipotoka kwenda kutafuta kahawa, nilimwambia Koko yote.

“Donc, kumbe kila mara ulikuwa unanidanganya?”

“Ndiyo, Koko.”

“Moyo yangu ilichoka tangu kambi ya wakimbizi. Haiko kucha.” Akavuta pumzi. “Lakini nilikuwa ninakuamini, weye.”

Maneno hayo yaliniuma kuliko kofi. Nikamweleza habari za Waviking na meli yao. Akacheka mpaka akakohoa.

“Ata Wazungu? Bon. Walikuwa na wakubwa wa kuwafundisha.” Kisha akanyoosha mkono juu ya shuka. “Siku nikienda, weye utanikata. Usiache mutu mwengine.”

“Nitakukata, Koko.”

Hakutoka hospitali. Siku moja kabla ya mazishi, familia ilipokwenda kumwona kwenye nyumba ya kuandalia maiti, mimi nilikuwa na kikata kucha mfukoni. Baba alinishika mkono kabla sijalifikia jeneza.

“Hapana. Mama alikufa mukristo. Hii ni mambo ya Shetani.”

“Nilimuahidi, baba.”

“Nimesema hapana.”

Sikuwahi kumbishia baba maishani mwangu. Lakini sikurudi nyuma. “Basi zambi ikuwe yangu,” nilisema. “Lakini nitamukata.”

Baba aliniachia mkono, akageukia ukuta. Nikaanza. Vidole vilikuwa baridi na vizito, na ilinibidi nivishike kwa nguvu kimoja kimoja. Nilipomaliza mikono nikasikia hatua nyuma yangu. Baba alikuja, akainama miguuni pa mama yake, akamvua soksi yeye mwenyewe. Vipande vyote nilivifunga kwenye leso, nikaiweka ndani ya jeneza, ubavuni pake.

Sasa naishi Louisville na natunza wazee, na kucha zangu mwenyewe nazitupa popote. Siamini ile meli, na sidhani kuna mchawi aliyewahi kufungua pipa la taka la Buffalo. Baba mpaka leo hataki tulizungumze jambo hilo, nami simlazimishi. Ila najua kwamba ningekubali kukatazwa siku ile, ningemzika Koko nikiwa bado mwongo wake. Sikumzika hivyo.