Neno Refu la Fundi Mteremko

Fundi wa mashine za hospitali aliyeitwa Mteremko alipewa jina hilo na wenzake. Kila alipokutana na neno refu la Kiingereza alilishuka mbio kama baiskeli isiyo na breki, kisha akakohoa. Mashine alizijua barabara. Maneno yake aliyaogopa. Badala ya kujifunza alikimbia, na kukimbia huko, tusidanganyane, ni namna ya uongo.

Sasa usaili wa kumpata mkuu wa karakana ulikaribia, nao ungefanywa kwa Kiingereza. Nafasi hiyo alishawahi kuikosa, kwa kuwa wasaili hawakumwelewa.

Jioni moja mkewe, mshonaji, alimsikia akiliteremka neno la upimaji wa moyo kwa mashine, akasimamisha cherehani. "Baba watoto, hebu sema hilo dude tena."

"Elektrokadiografi."

"Mbona unashona kabla hujakata? Likate!"

Fundi akafungua kamusi. E, lek, tro, ka, di, o, gra, fi. Alama ya mkazo ilikaa kwenye o. Yeye aliukandamiza kwenye gra, kama tulivyozoea wengi, maana lugha yetu huegemea silabi ya pili kutoka mwisho.

"E-lek-tro-ka-di-O-gra-fi," alijikongoja.

"Hiyo o umeipigia kelele utadhani unafukuza kuku," mkewe alicheka. "Lakini leo nakusikia. Tena, bwana!"

Akarudia mpaka gauni la mteja likaisha kushonwa.

Siku ya usaili woga ulimshika, akaliteremka neno lile lile kama kawaida yake. Msaili mkuu, mama wa makamo, akakunja uso. Fundi angeweza kukohoa na kuendelea. Safari hii hakukimbia.

"Samahani, mama," alisema kwa Kiingereza chake. "Nimelivuruga. Naomba nilirudie."

Akalikata silabi kwa silabi, akaweka uzito kwenye o, kisha akalitamka zima, taratibu.

"Sawa. Na mashine hiyo ya moyo ikichora mstari unaotetemeka, mgonjwa akiwa ametulia?"

Hapo alikuwa kwenye uwanja wake. Alieleza habari za nyaya zilizolegea na vibandiko vya kifuani vilivyokauka. Neno jingine refu lilipomkwamisha, alisimama, akaligawa mbele yao bila aibu, akaendelea.

Jioni mkewe alimpokea mlangoni. "Haya, sema!"

"Karakana wamenipa. Kwa majaribio kwanza."

"Majaribio ni kazi pia, mume wangu. Ingia ndani, ulete na hiyo kamusi. Hayo maneno mengine utayakata lini?"