Maji Mekundu ya Kiangazi

Mwaka ule wa vita, mto unaoteremka kutoka upande wa Lubondja ulibadilika rangi asubuhi moja tu. Nilikuwa nimeinama kukagua migono yangu, ile mitego ya fito tunayotega penye mkondo, nikaona maji yanakuja mekundu, mazito. Ilikuwa kiangazi, wiki nyingi hatukuwa tumeona mvua. Kufika saa sita ngege walikuwa wanaelea wakipanua midomo, mashavu yamejaa tope.

Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, alikuja na beseni.

"Wifi, tusikule hii samaki," nilimwambia. "Hatujuwe nini inaiuwa."

"Iko inapumua bado. We unataka tulale njaa?"

Tulikula, na hatukuugua. Lakini maneno yalienea. Kanisani tuliambiwa ni adhabu. Njiani walisema wafugaji wa mlimani wametia sumu, na hakuna hata mmoja aliyepanda kuangalia. Chifu aliita mkutano, akaongea mpaka alasiri juu ya kufyeka barabara ambayo askari walioshika eneo letu waliitaka, kisha akasema mambo ya maji tumpelekee komanda wao. Nilichoka. Siku tatu samaki wanaoza ukingoni na watu wazima wanabishana.

Siku ya nne nilimwambia wifi twende wenyewe. Mume wangu hakuwepo. Wiki mbili nyuma alikuwa ameaga kwamba anakwenda kulima mihogo kwa mjomba wake huko juu. Tulitoka alfajiri. Kwenye kizuizi askari walikula chakula chetu chote cha njiani ndipo wakatuacha tupite. Njia nzima wifi aliwatukana wafugaji.

Mchana, penye kona ya mto, tuliona ukingo umebomolewa hadi kwenye mizizi ya miti. Watu walikuwa wanachimba na kuosha mchanga wa dhahabu humo humo mtoni, na askari mwenye bunduki amekaa juu ya jiwe akiwasimamia. Mmoja wa wale wenye chepe alikuwa mume wangu.

"We ulisema unaenda kulima," nilimwambia.

"Mihogo, baaskari balishang'oa yote. Nitalima nini?"

"Samaki yetu imekufa. Batu kule chini banasema ni bafugaji bametia sumu."

Alimtazama mwenye bunduki, akashusha sauti. "Mama, rudi nyumba. Mi nikiacha, kesho banaleta mwingine."

Wifi aligeuka akaanza kuteremka, hakumsalimu hata mdogo wake.

Nyumbani niliwaeleza watu nilichokiona. Wengine hawakunisadiki, wakaendelea na sumu yao. Wengine waliuliza kona ni ipi, na kesho yake wakabeba chepe. Hao ndio walionikasirisha zaidi.

Mume wangu alirudi mvua zilipoanza, amekonda, mikono mitupu, kwa sababu mwenye bunduki alichukua kila chembe. Maji yalisafika baada ya askari wale kukimbia, na kambale, ambao hawaogopi matope, wakaonekana tena. Ngege hawakurudi. Tulianza kununua ndagala, dagaa wakavu wa ziwani kutoka Lweba, na kila jioni wifi alilalamika kwamba wana mchanga.