Hofu ya Namba Tisa

Wambeti alianguka nyuma ya goli, mahali ambapo nyasi huwa ndefu na hapafiki mtu ila anayefuata mpira uliotoka. Alikuwa amekimbilia pasi ndefu, akaikosa, akapitiliza kwa kasi ile ile mpaka nje ya mstari. Hapo moyo ukambadilikia. Haukwenda mbio kama unavyokwenda moyo wa mtu aliyechoka. Ulipapatika kifuani kama kuku aliyeshikwa miguu, na macho yakaingia giza. Alipoyafumbua aliona uso wa Safiya juu yake, glavu za kipa zikiwa bado mikononi.

"Umeanguka," Safiya akasema.

"Nimeteleza."

"Hujateleza, Wambe. Nimekuita na hukuitika."

Wambeti akaketi. Midomo ilikuwa imemkauka. Upande wa pili wa uwanja kocha Mbaka alikuwa amewapa mgongo, akipanga koni za mazoezi.

"Usimwambie mtu," Wambeti akasema.

Safiya alikuwa binti wa muuza nyama wa mjini Embu. Alikulia kwenye bucha, kati ya mifupa na damu, wala hakuwa mwepesi wa kushtuka. Walikuwa marafiki tangu juma la kwanza chuoni. Alimtazama mwenzake kwa muda, akavua glavu moja, akampangusa nyasi shavuni. Hakuahidi lolote.

Wambeti hakuogopa kule kuanguka kwenyewe. Aliogopa kwa sababu alikuwa ameshaona mtu akianguka hivyo. Kaka yake Gedion, akiwa ndio kwanza amemaliza shule, alianguka vivyo hivyo huko kwao Kibugu, kwenye njia ya kwenda banda ambako wakulima huuza majani ya chai, kikapu cha majani kikiwa mgongoni. Wambeti alikuwa nyuma yake. Alidhani kaka anafanya mzaha, maana Gedion alipenda mzaha, akasimama akimngoja ainuke. Majani mabichi yalikuwa yametapakaa barabarani. Gedion hakuinuka.

Majirani walisema mengi. Kuna waliosema sumu, kuna waliosema nimonia, na kuna walioteremsha sauti wakataja watu wenye kijicho. Mama yao, Ciakuthii, hakusema neno. Ila tangu msiba ule hakutaka kuona mtoto wake akikimbia. Hata Kanini, kitindamimba, akimfukuza ndama aliyekata kamba, aliitwa kwa ukali na ndama akaachwa aende zake. Wambeti akajifunza mpira shuleni, mbali na macho ya mama, na alipojiunga na chuo mjini Embu alicheza kama mtu anayekula chakula cha wizi.

Na alicheza vizuri. Shida ni kwamba hakuna aliyetazama. Timu ya wanaume ilisafiri kwa basi la chuo na mechi zake zilijaa watu. Timu ya wanawake ilicheza Jumatano mchana, mashabiki wakiwa ni waendesha bodaboda wasio na abiria na wanafunzi waliokimbia somo. Wambeti, mshambuliaji mwenye jezi namba tisa, alikuwa mfupi, bega moja chini kidogo, wala hakuwa na mbwembwe. Aliwahi kwenda Nairobi kwenye majaribio ya klabu fulani. Kocha wa huko akamwangalia kuanzia kichwani hadi kwenye viatu, akamweka pembeni, na jua likatua hajagusa mpira. Akarudi Embu, akaendelea kufunga magoli ya Jumatano.

Baada ya siku ile ya nyuma ya goli, uchezaji wake ulibadilika. Aliacha kukimbilia kila mpira. Alitembea. Alisimama karibu na mabeki wa timu pinzani kama aliyesahau alichofuata, huku anausikiliza moyo wake, na alipotoka mahali alitoka mara moja tu, hatua chache, akihakikisha kwamba ni lazima. Kila mara aliporuka kupiga kichwa aliwaza: leo ndiyo leo. Kocha Mbaka alimkaripia kwa uvivu. Safiya, kutoka golini kwake, alimfuata kwa macho mechi nzima, na mara mbili alifungwa magoli ya kizembe kwa kuwa alikuwa akimtazama rafiki yake badala ya mpira.

Ndipo wakaenda Meru kucheza na chuo kimoja cha huko. Uwanja ulikuwa kwenye mteremko, ukungu umeshuka kutoka msituni, na kando ya benchi alisimama mwanamke mrefu mwenye koti la mvua. Kocha Mbaka aliwanong'oneza wachezaji kwamba yule ni Madam Regina, aliyewahi kuchezea timu kubwa na sasa anaitafutia wachezaji klabu moja ya ligi kuu ya wanawake. Kazi yake ilikuwa kuzunguka vyuoni akiwatafuta wale ambao makocha wengine wamewapita bila kuwaona. Wasichana wakachachamaa. Kila mmoja akakimbia kama nyumba inaungua.

Wambeti peke yake hakukimbia. Hakuthubutu. Kifua kilikuwa kimeanza kumbana tangu wakipasha misuli. Alijificha kwenye nafasi zilizoachwa na wenzake, na mpira ukamfuata huko mara mbili. Mara zote mbili aliusukumia wavuni kwa mguso mmoja.

Mechi ilipokwisha, Madam Regina akamwita kando.

"Unaitwa nani?"

"Wambeti, Madam."

"Wale wengine wote wanakimbia ili niwaone. Wewe unangoja. Nani amekufundisha kungoja?"

Wambeti alitazama chini, kwenye matope ya viatu vyake.

"Makocha wengi hawaoni kitu kama hicho," Regina akaendelea. "Wanaangalia urefu, wanaangalia mbio. Mimi nataka mtu anayejua mpira utaanguka wapi. Msimu ujao tunachukua wasichana wawili kutoka vyuo vya huku, na nimekuweka kati yao. Kitu kimoja tu: kabla ya kusaini, kila mchezaji wetu anapimwa moyo. Hiyo haina mjadala. Ukishapimwa, utanipigia."

Njia nzima ya kurudi Embu wenzake walimwimbia. Alitabasamu pale ilipobidi. Ndani alihisi baridi kama mtu aliyelowa. Kile ambacho Regina alikiona kuwa akili kilikuwa woga, na sasa woga huo huo ulikuwa umempeleka mbele ya mashine ya daktari.

Kesho yake alimfuata Safiya kwenye bucha ya baba yake. Mzee Idrisi alikuwa nje akizungumza na wateja, na Safiya alikuwa akiosha meza.

"Nina ombi," Wambeti akasema. "Kipimo kile. Nenda wewe. Useme jina langu. Hawanijui huko hospitalini."

Safiya aliendelea kusugua. "Halafu?"

"Halafu nasaini. Nacheza."

"Halafu?"

"Mbona unaniuliza hivyo?"

"Kwa sababu mimi ndiye niliyekukuta kule kwenye nyasi." Safiya akaweka kitambaa chini. Sauti yake ilikuwa ya chini, asisikike kwa baba yake. "Ulikuwa umefumbua macho nusu, Wambe, na ulikuwa hunioni. Nimeshaona wanyama wakifa. Nilidhani umekufa. Tangu hapo silali vizuri. Unataka niende nikadanganye, halafu siku moja nisikie redioni umeanguka tena na sipo?"

"Sitaanguka."

"Unajua hivyo?"

Wambeti akageukia mlango.

"Mwambie mama yako," Safiya akasema. "Ukirudi Jumatatu hujamwambia, nitamwambia kocha. Unikasirikie ukitaka."

Alimkasirikia kweli. Alitoka bila kumuaga Mzee Idrisi. Lakini hasira ilimwisha kabla hajafika bwenini, na woga ukabaki palepale.

Jumamosi alipanda kwenda kwao Kibugu. Akamkuta mama yake shambani, kiunoni amejifunga karatasi ya nailoni dhidi ya umande, vidole vikichuma majani bila yeye kuvitazama. Wambeti akaingia mstari wa pili, akaanza kuchuma pia. Walizungumza Kiembu, habari za ng'ombe na za kanisa. Kisha, bila kuinua kichwa, akamwambia. Kwanza mpira. Halafu nyuma ya goli. Halafu Madam Regina na kipimo.

Vidole vya Ciakuthii vilisimama. Wambeti akaogopa kugeuka.

"Ulihisi kama kitu kinajigeuza hapa?" mama akauliza, akiweka kiganja chini ya titi la kushoto.

"Ndiyo, mama."

"Hata mjomba wako Njiru alisema hivyo. Kaka yangu. Alisema asubuhi, na jioni akaanguka akicheza ngoma kwenye harusi. Ulikuwa hujazaliwa."

"Hukuwahi kutuambia."

"Ningewaambia nini? Kwamba kwetu kuna kitu kinachochukua vijana?" Akaketi chini, katikati ya michai. "Gedion alipoanguka nilijua. Watu wakasema sumu, nikawaacha waseme sumu. Niliona kwamba nikikitaja, kitakuja kwenu. Nilikuwa nawazuia kukimbia tu. Sikujua la kufanya zaidi ya hapo."

Hakuwa amelia kwenye mazishi ya Gedion mbele ya watu, na hata sasa hakulia. Wambeti akaenda akaketi karibu naye. Walikaa hapo hadi jirani mmoja alipopita akiwauliza kama leo banda la chai limefungwa.

Walikwenda hospitali pamoja, na Safiya akawangoja langoni, akiwa amewaletea maziwa. Hakuna aliyetaja ugomvi wa bucha. Daktari aliitwa Mutuma, kijana mpole mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Wambeti alilazwa ubavu, akapakwa mafuta baridi, na akausikia moyo wake mwenyewe ukitoka kwenye mashine, unapuliza na kugonga, mkubwa kuliko alivyoudhania. Alijaribu kuusoma uso wa daktari. Daktari alikuwa ameukunja kidogo tu, lakini alirudia kupima mahali pamoja tena na tena, na Wambeti akajua kabla hajaambiwa.

Msuli wa moyo wake, daktari akaeleza, umenenepa upande mmoja kuliko inavyotakiwa. Ni kitu cha kuzaliwa nacho, hurithiwa, na huweza kumwangusha mtu akiwa mbioni. Kuna dawa. Kuna kufuatiliwa. Anaweza kuishi akazeeka.

"Na mpira?" Wambeti akauliza.

"Mpira wa mashindano, hapana."

"Hata nikitembea tu uwanjani? Mimi huwa natembea."

Daktari Mutuma akamtazama vizuri, akatikisa kichwa. "Pole sana, dada."

Alimpigia Regina akiwa amesimama nje ya ukuta wa hospitali. Alieleza haraka, asije akapasuka katikati. Regina akamshukuru kwa kusema ukweli, akasema anasikitika, na simu ikakatika. Wiki chache baadaye Wambeti alisikia kwamba klabu imemchukua msichana mwingine kutoka Meru. Siku hiyo hakutoka chumbani. Safiya alikaa naye, akimenya machungwa ambayo hakuna aliyeyala.

Ila Regina alipiga tena. Alitaka kujua, kati ya wasichana ambao Wambeti alicheza nao au dhidi yao, ni nani mwingine anayepitwa na macho ya watu. Wambeti alimtajia beki mmoja wa kutoka Gachoka, mzito wa kuanza lakini asiyedanganyika, na winga wa mguu wa kushoto ambaye kocha wake humweka benchi kwa kuwa hasemi. Akamtajia na Safiya. "Alifungwa magoli mawili mabaya msimu huu," akasema, "lakini hayo ni makosa yangu." Alipokata simu alihisi hofu mpya. Amewataja watu, nao wataitwa, watapimwa, na hajui mashine itawaambia nini.

Aliyebaki alikuwa Kanini. Daktari alikuwa amesisitiza kwamba wote waliozaliwa tumbo moja wapimwe, na mama pia. Kipimo cha mama kilionyesha dalili ndogo, ya kuangaliwa tu. Kanini aliingia chumbani anacheka, anauliza kama mafuta yale yatamchafua sare. Mlango ukafungwa. Wambeti na mama yake waliketi kwenye benchi la korido, mama akisali bila sauti, midomo tu ikisogea. Wambeti hakuweza kusali. Alikuwa amelingoja jibu lake mwenyewe na akalistahimili, lakini hili lilimshinda. Kila mara mtu alipopita na viatu vya kugonga alidhani ni daktari.

Daktari alipotoka, alisema hajaona kitu. Moyo wa Kanini kwa sasa uko sawa. Mama akashika ukuta.

"Kwa sasa?" Wambeti akauliza.

"Kitu hiki hujitokeza polepole, hasa akiendelea kukua. Tutampima kila mwaka."

Wakatoka watatu hao kwenye jua la mjini. Kanini alitaka kula chipsi, wakampeleka. Alikula kwa pupa akisimulia alivyosikia moyo wake kwenye mashine, jinsi ulivyokuwa ukigonga, na Wambeti akamwitikia, akimtazama anavyopumua.

Siku hizi Wambeti humeza dawa zake asubuhi kabla ya chai. Jumatano huketi kando ya uwanja wa chuo, na baadhi ya Jumamosi husafiri hadi Meru kutazama wasichana ambao hakuna aliyetuma mtu kuwatazama, kisha humpigia Regina. Wakati mwingine, msichana anapokimbilia pasi ndefu kuelekea nyuma ya goli, Wambeti husimama ghafla bila kujua amesimama, na haketi tena mpaka amwone akirudi.