Bustani Niliyokataa Kuing'oa

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kambi ya watalii karibu na lango la Ikoma, nilikabidhiwa jembe lisilo na mpini. Mnyapara wa bustani, mzee wa Kiikoma mwenye sauti ndogo na macho makali, alinitazama akasema kazi za wanawake ziko kwa dobi. Nilimjibu kwamba nimeajiriwa bustanini. Nikaenda kichakani, nikakata mti mgumu, nikauchonga, nikarudi kumuuliza eneo langu ni lipi. Alinionyesha sehemu yenye udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaonata miguuni wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa jua. Nikalima mpaka jioni. Hakunisifu, lakini kesho yake alianza kunifundisha.

Nawasimulia ninyi vijana mnaoajiriwa siku hizi kwenye kambi na hoteli za huku Serengeti, mnaodhani bustani ni mpira wa maji na mashine ya kukatia nyasi. Wakati wetu mnyapara alitufundisha mimea kwa kiu yake. Kulikuwa na mshubiri, wenye majani manene na miiba pembeni. Kulikuwa na katani pori, inayosimama wima kama mikuki. Kulikuwa na mnyaa, ule mti wa vijiti vya kijani unaotoa utomvu mweupe kama maziwa. Yote ni mimea ya kwetu na yote hutunza maji mwilini, kwa hiyo maji mengi huiua haraka kuliko ukame. Tuliinua matuta, tukachanganya udongo na changarawe na mchanga wa mtoni, ili mvua ipite isituame kwenye mizizi. Vuli ikianza tulipanda. Masika tulizibua mifereji na kupalilia. Kiangazi, nyumbu wakishapita na kila kitu kimekuwa rangi ya vumbi, mishubiri yetu ilitoa maua mekundu, na chozi, wale ndege wadogo wenye midomo iliyopinda, walikuja kunyonya tangu alfajiri. Niliipenda kazi ile kuliko nilivyowahi kumwambia mtu.

Kisha akaja meneja mpya. Alikuwa mtu wa haraka, msafi, asiye na matusi. Alizunguka bustani mara moja akasema wageni wanataka kijani, wamechoka kuona miiba porini. Akaniita.

"Mama Bhoke, ng'oa hii yote. Tunaweka nyasi."

"Nyasi nitazipanda, bosi. Mishubiri hii sitaing'oa mimi."

"Basi ataing'oa nani?"

"Atakayeweza. Mimi niliipanda."

Mchana uleule nilihamishiwa kwa dobi. Mnyapara, aliyebakiza muda mfupi astaafu na aliyekuwa na watoto shuleni, aliing'oa mwenyewe bila kuniangalia. Sikumchukia, maana kila mtu anajua mzigo alioubeba. Mimi nilifua mashuka ya wageni nikiwa naona kila kitu kutoka kwenye kamba za kuanikia.

Sitawadanganya kwamba nilishinda. Zile nyasi zilistawi. Maji ya kisima yalitosha, wageni walitembea peku wakafurahi, na meneja alisifiwa. Hakuna siku aliyokuja kuniomba radhi, na mimi sikukaa nikimngojea. Nilikataa kwa sababu mkono wangu haukukubali, si kwa sababu nilijua yatakayotokea.

Mimea iliyong'olewa ilitupwa kwenye shimo la taka. Niliomba ruhusa ya kuichukua, nikapewa. Nikaipeleka kidogo kidogo nyumbani kwetu Mbalibali, kwenye magunia, kwa gari la wafanyakazi. Mume wangu Mwita alicheka alipoona nimerudi na takataka za kambini. Tulikuwa tumetoka Tarime tukiwa vijana na kiwanja kile tulikisafisha wenyewe. Alipomaliza kucheka alikwenda kusomba mawe ya kuzungushia matuta. Ndivyo bustani yangu ilivyoanza.

Baadaye nilipata kazi kambi nyingine, ndogo, ya mahema, upande wa Robanda. Msimamizi wake alikuwa mama wa makamo. Aliniuliza nataka kufanya nini, jambo ambalo hakuna mkubwa wa kazi aliyewahi kuniuliza. Nikamwomba kipande kitupu mbele ya hema la kulia chakula. Nilikipanda mimea ya kwetu tu. Tembo walikivuruga zaidi ya mara moja, nyani wakachimbua walichotaka, nasi tukapanda tena. Hapo nilifanywa mnyapara, na hapo nikastaafu.

Mwita alifariki muda mfupi baada ya mimi kurudi nyumbani. Msiba ulipokwisha, mdogo wake, Chacha, akaanza maneno. Alisema mjane hahitaji kiwanja kikubwa vile. Alisema mimea ile ni ya waganga, na watu wa kanisani wanaogopa kupita. Alitaka ing'olewe, yeye apande mahindi. Nilimwambia kwamba shamba la chakula ninalo nyuma ya nyumba, na hata ningekuwa sina, bustani ile ni yangu.

Asubuhi moja wakati wa masika nilimkuta anakata uzio wangu wa minyaa kwa panga. Nusu ya upande wa barabarani ilikuwa chini. Nilikwenda nikasimama mbele ya minyaa iliyobaki.

"Shemeji, ukitaka kuendelea, utaanza na mimi."

Aliinua mkono kujifuta jasho, na utomvu wa mnyaa ukamwingia machoni. Wanaoujua wanajua: unachoma kama pilipili, na ukipuuzwa unaweza kupofusha. Alianguka magotini. Nilimshika kichwa, nikamwaga maji machoni mwake ndoo baada ya ndoo, nikampeleka zahanati nikimwongoza kwa mkono. Macho yalipona. Lakini hakubadilika. Alipoweza kuona vizuri aliitisha kikao cha ukoo.

Wazee walikaa uani kwangu. Chacha alisema yake, nami nikapewa nafasi. Mzee mkubwa wa ukoo aliniuliza kama niko tayari kugombana na ndugu wa mume wangu kwa ajili ya miiba.

"Baba, sikugombana na mtu. Nilikuta panga kwenye kiwanja nilichosafisha na mume wangu. Mkitaka niondoke, semeni hivyo. Msiseme ni miiba."

Walisogea pembeni wakazungumza wenyewe kwa Kikurya. Uamuzi wao ulikuwa kwamba kiwanja ni changu, ila ukanda mmoja wa kando ya njia Chacha alime mahindi, ili undugu usivunjike. Sikuupenda uamuzi ule, siupendi hadi leo, na niliwaambia hivyo kabla hawajanywa chai.

Walipoondoka nilikusanya matawi yote ya mnyaa aliyoyakata. Niliyalaza kivulini mpaka vidonda vikakauka, maana tawi la mnyaa likichomekwa bado linatoa maziwa huoza. Kisha nikayachomeka moja moja kwenye mpaka mpya. Kila tawi ni mti.

Watu huniuliza kazi ile ilinipa nini. Mgongo unauma, na viganja vyangu ni vigumu kama gome. Lakini ninajua kinachotaka kuishi kwenye ardhi hii, na ninajua kusema sitaki bila kupandisha sauti. Mkiingia kazini jifunzeni yote mawili, na msingoje mtu awape ruhusa.

Uzio umekuwa mnene sasa, mrefu kunizidi. Chacha alikuwa amezoea kukatisha hapa na ng'ombe wake kwenda mtoni. Siku hizi anafika, ananipa shikamoo, naitikia marahaba, kisha anazunguka.