Kumfuata Mbaraka Johannesburg, Wiki ya Mbio za Viunzi

Mama alitaka kumwona Mbaraka kabla macho hayajazimika kabisa. Mdogo wangu huyo amekaa Johannesburg miaka kumi na tisa, na kila tukimpigia simu jibu lake ni lile lile: "Dada, siwezi kurudi mikono mitupu." Mimi nauza vitenge. Mteja anayesema "kesho" namjua. Nikaamua kumfuata.

Jumatatu alfajiri niliondoka Tanga. Tunduma nilivutana na mbadilisha fedha mpaka akauliza kama nyumbani nina mume na kama bado yu hai. Lusaka, Harare, Beitbridge. Kila kituo nilihesabu mizigo mara mbili: mitatu, mitatu.

Ijumaa mchana niliingia Johannesburg. Mbaraka amepanga chumba mtaa wa Observatory kwa Mama Furaha, msusi kutoka Bukavu. Huyo ndiye aliyenifungulia lango.

"Karibu, dada. Ndugu yako iko muzima," alisema, "lakini ile daftari itamumaliza."

Daftari nililiona kabla sijaoga. Mbaraka alikuwa mtunza farasi kwenye mazizi ya kusini mwa jiji, hadi farasi alipompiga teke la goti. Sasa analinda magari nje ya duka. Humo daftarini ameandika washindi wote wa zile mbio kubwa za kuruka viunzi za Uingereza, zinazoonyeshwa kwenye maduka ya kubeti huku.

"Zamani mabwana walikimbizana kwa farasi toka kanisa hadi kanisa," alinieleza. "Mnara ndio alama. Ua, mtaro, vyote unaruka."

"Mtoto wa madrasa wewe, makanisa yamekuhusu nini?"

Hakucheka. Alinionyesha mwenendo wa washindi: umri wa miaka minane hadi kumi, uzito wa kati mgongoni, mzoefu wa masafa marefu. Anayebebeshwa mzigo mkubwa kuliko wote hashindi kirahisi, na kipenzi cha wabetiji huwaliza mara nyingi. Nilikagua kurasa zake mara mbili nikitafuta kosa. Sikuliona, na hilo ndilo lililonitisha.

"Kesho wangu akishinda, Jumapili naondoka nawe," alisema. "Akishindwa, nangoja mwakani."

"Mama hana macho ya mwakani, Mbaraka."

"Basi muombe Mungu ashinde."

"Mungu nimuombe kamari?" Nikaanza kushusha bei. "Akiwa wa tatu je?"

"Dada, hii si kitenge."

Tulikubaliana hata akiwa wa pili. Zaidi ya hapo hakushuka.

Jumamosi, saa kumi na moja jioni, tulisimama kwenye duka la kubeti karibu na Yeoville, yeye, mimi na Mama Furaha aliyekuwa bado na chanuo nyweleni. Farasi walioanza niliwahesabu kwenye skrini: thelathini na wanne. Wa Mbaraka, mwekundu mwenye paji jeupe, alikwenda kama daftari lilivyosema. Vilipobaki viunzi vinne alikuwa wa pili. Mbaraka alinishika mkono. Kisha farasi akaruka, akatua kwa shingo, na hakuinuka.

Watu wakaja mbio na mapazia ya kijani, wakamzungushia.

"Eish," alisema mtu nyuma yetu, akakunja karatasi yake.

"Wanamfunika kwa nini?" niliuliza.

"Ili usione wanavyommaliza," alijibu Mbaraka.

Waliofika mwisho walikuwa kumi na sita. Nikamuuliza wasiofika anawaandika ukurasa gani. Alipekua kidogo, kama mtu anayejua hakuna kitu.

"Hawaandikwi."

Tulikaa ukingoni mwa barabara, hatua chache kutoka kwenye robot, taa za barabarani wanavyoziita huku. Nilikuwa nimeshindwa biashara na sikuwa na bei nyingine ya kutaja. Mbaraka ndiye aliyeanza.

"Mtunza wa yule farasi anangoja mwisho wa uwanja na kamba. Ndiyo kazi yetu, kumpokea. Wakikwambia wako haji, unarudi zizini na kamba tupu, wenzako wote wanakuona."

"Na anarudi hivyo hivyo?"

"Sasa alale uwanjani? Anarudi tu..."

Akalifunga daftari. Mama Furaha akachomoa chanuo nyweleni.

"Nitafunga begi yako," alisema. "Goti ile haitabeba mingi."

Jumapili tulipanda basi. Beitbridge, Mbaraka aliomba chai.

Ijumaa, Tanga. Majirani walikuwa mlangoni kabla yetu, macho yao kwenye buti la teksi. Mama alimpapasa Mbaraka uso, masikio, kisha lile goti, polepole. Jirani mmoja akauliza kaja na nini toka Sauzi.

"Kaja," alisema Mama.

Mtaa wetu umepeleka vijana kumi na mmoja Johannesburg. Wawili walirudi na magari, na hao ndio tunaowataja kila tunapomfungia mwingine begi. Wale tisa wasiorudi sikuwahi kuwahesabu hata mara moja. Sasa ni wanane.